Wazee Wetu Nao Wanahitaji Wataalamu Wao



Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za chanjo na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya babu na bibi zetu. Tena nataka kugusa jambo ambalo huenda likaonekana ni la wasomi wa mijini: elimu ya chuo kikuu, ngazi ya shahada ya uzamili, kwa wale wanaowahudumia wazee. Najua mkulima wa Isongole aliyeinama kwenye shamba lake la viazi atauliza, "Hayo yananihusu nini mimi?" Nami, muuguzi mwenye stashahada tu, nimewahi kuuliza hivyo hivyo. Nitawaeleza kilichonibadilisha.

Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi niliyokuwa zamu, aliletwa bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 75. Ilikuwa miezi ya baridi, na ninyi mnaijua baridi ya huku kwetu mlima Rungwe. Mwanawe alisema, "Jumapili alikuwa mzima, alikamua ng'ombe wake mwenyewe. Leo Jumatano hatufahamu." Bibi alikuwa akizungumza na mumewe aliyefariki zamani, akivua nguo, na usiku akipiga kelele. Majirani walikwisha kuanza kunong'ona juu ya uchawi. Mimi sikuamini uchawi, lakini nilichoamini hakikuwa na faida zaidi kwake. Nilisema, "Ni uzee huo." Usiku akapewa dawa ya kumtuliza, na asubuhi hali ikawa mbaya zaidi.

Asubuhi hiyo alikuja zamu muuguzi kijana, rika la binti yangu wa mwisho, aliyekuwa ametoka chuo kikuu mwaka uleule. Alimwuliza mwana wa mgonjwa maswali matatu. Hali hii ilianza ghafla au polepole? Mama amekojoa lini mara ya mwisho? Amepata choo lini? Hakuna hata moja nililokuwa nimeuliza mimi. Kisha alimpapasa bibi tumbo la chini akakuta kibofu kimevimba. Tulipoweka mpira, ilitoka zaidi ya lita moja ya mkojo. Choo kilikuwa kimefunga kwa siku sita. Daktari alipoitwa kupima kifua, alikuta nimonia, ingawa mgonjwa hakuwa na homa hata kidogo. Dawa ya kutuliza ikasimamishwa, matibabu yakaanza. Siku ya nne bibi aliomba kitambaa chake cha kichwa, akauliza ni nani anamkamulia ng'ombe wake.

Nilimwita yule kijana pembeni. "Mwanangu, haya ulijifunzia wapi?" Akajibu, "Mama, chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja aliyesomea afya ya wazee kwa shahada ya pili. Alitufundisha vipindi sita tu."

Vipindi sita! Mimi nilikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini, nimewaosha na kuwalisha wazee wasiohesabika, wala sikuvijua vilivyokuwa katika vipindi vile sita. Siku hiyo sikulala vizuri. Nilijiuliza ni wangapi niliosema juu yao "ni uzee huo," wakarudishwa nyumbani kufa.

Mpendwa msomaji, mwili wa mzee si mwili wa kijana uliochoka. Una namna yake ya kuugua. Maambukizi makali yanaweza kuja bila homa, na dalili ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa akili au kuanguka. Kiu hupungua, hivyo mzee hukaukiwa maji bila kuomba kinywaji. Figo hufanya kazi polepole zaidi, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu na kipimo cha kawaida kinaweza kuwa kikubwa mno. Presha inaweza kushuka ghafla anaposimama, akaanguka na kuvunjika nyonga. Na kuna tofauti kubwa kati ya kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako mara nyingi kunatibika, na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani dimensia, unaokuja polepole kwa miezi na miaka.

Wengine husema dimensia ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini mwaka 2009 na 2010 wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walikadiria kwamba katika kila wazee 100 wa umri huo, wapatao 6 walikuwa na dimensia. Hao ni Watanzania wa vijijini, wakulima wa ndizi na kahawa kama sisi. Na mahali ambapo ugonjwa huu haujulikani, mama mzee anayepotea njia au kuongea peke yake usiku huitwa mchawi. Tunajua katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa sababu hiyo.

Sasa kwa nini shahada ya uzamili? Je, haitoshi kuwa na moyo wa huruma na uzoefu?

Huruma ni lazima, lakini mimi nilikuwa nayo, na haikunionyesha kibofu kilichojaa. Uzoefu nao ni mzuri, lakini uzoefu wa mtu mmoja hustaafu pamoja naye. Tazameni kilichotokea Uingereza. Mwaka 1935 daktari mwanamke aitwaye Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex, alikabidhiwa wagonjwa 714 waliokuwa katika nyumba ya maskini, wengi wao wazee waliolazwa tu wakingoja kufa. Alimpima kila mmoja, akawatenga kwa magonjwa yao, akawainua kitandani na kuwafundisha kutembea tena. Wengi walirudi makwao. Lakini kazi hiyo isingefika mbali kama ingebaki katika wodi zake. Ilienea ilipoingia vyuoni, na mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpata profesa wa kwanza wa tiba ya wazee nchini humo. Mwalimu mmoja huzaa wanafunzi mia, na kila mwanafunzi huenda wodi yake.

Hapa kwetu tumefanya hivyo kwa makundi mengine. Tuna mabingwa wa watoto na mabingwa wa uzazi, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha wauguzi kwa ngazi ya uzamili katika afya ya akili na katika uangalizi wa mahututi. Nilipokuwa chuo cha uuguzi, ukunga tulijifunza kwa miezi mingi na kuhesabiwa kila mama tuliyemzalisha. Wazee waliguswa kwa kupita tu. Mpaka leo sijapata kukutana wilayani kwetu na muuguzi mwenye shahada ya juu katika afya ya wazee.

Na wazee wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea. Tangu hapo Watanzania wote wameongezeka kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7 katika sensa ya mwaka 2022. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003. Sera inasema mzee apate huduma, lakini sera haimpapasi mtu tumbo.

Kuna hoja moja inayonisumbua, nami sitaificha. Wapo wanaosema, "Mkimsomesha muuguzi mpaka uzamili, hatarudi Isongole. Atakaa ofisini Dar es Salaam." Ni kweli, imetokea mara nyingi. Tena zahanati zetu nyingi hazina hata wauguzi wa cheti wa kutosha. Ndiyo maana siombi kila hospitali iwe na msomi wa namna hiyo. Naomba mambo matatu.

Kwanza, vyuo vikuu vyetu vya afya, kikiwemo kile cha Maaskofu Katoliki kule Bugando kilichoanza mwaka 2003, vitoe nafasi za uzamili katika afya ya wazee kwa wauguzi, matabibu na maofisa ustawi wa jamii, na sehemu ya masomo ifanyike vijijini, si katika hospitali kubwa tu.

Pili, anayesomeshwa kwa fedha za jimbo au za serikali aweke mkataba wa kurudi kufundisha katika vyuo vya uuguzi vya mikoani kwa miaka kadhaa. Huko ndiko wanakotoka wauguzi wa zahanati.

Tatu, afya ya wazee iwe somo kamili lenye mtihani katika stashahada na cheti. Jambo lisilo na mtihani wanafunzi hawalisomi, nanyi wazazi mnalijua hilo.

Wakati tukingoja hayo, familia zisikae bure. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana homa. Mweleze muuguzi hali ilianza lini, mzee alikunywa nini, alikojoa na kupata choo lini, na mchukue dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji. Mpeni kinywaji mara kwa mara bila kungoja aombe, isipokuwa daktari amekataza. Kabla ya kusimama asubuhi, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Na muuguzi akiwaambia "ni uzee huo," mwulizeni kwa heshima, "Sista, umempima nini?"

Swali hilo lingenisaidia sana mimi usiku ule. Yule bibi aliishi miaka mingine, akanipitishia maziwa mara mbili. Niliyapokea kwa aibu, maana aliyestahili kuyapokea ni yule kijana, na nyuma yake mwalimu ambaye sijawahi kumwona.