Majeshi Mawili Katika Mwili Mmoja

Askari wa zamu langoni hufunzwa jambo moja kabla ya mengine yote: kumtambua mwenzake na kumzuia mgeni. Mwili wa binadamu nao unao walinzi wa namna hiyo. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, husambaa katika damu, na kila wakutanapo na kitu kisicho cha mwili ule hukishambulia. Ulinzi huo hutuokoa na maradhi mengi. Ulinzi huo huo umewakwaza waganga kila walipotaka kumpa mgonjwa kiungo cha mtu mwingine.

Mwaka 1954, mjini Boston, Marekani, Dakta Joseph Murray na wenzake walifaulu kuhamisha figo ya mtu na kumpandikizia pacha wake waliyefanana kabisa. Walinzi wa mpokeaji hawakuona mgeni. Kwa watu wasio pacha kazi ilikuwa ngumu. Dakta Thomas Starzl alipojaribu kupandikiza ini kwa mara ya kwanza, mwaka 1963, mgonjwa alifariki. Ilipofika mwaka 1967 ndipo walipopatikana waliopona kwa muda wa kuridhisha. Tangu hapo njia imekuwa moja: mpokeaji hupewa dawa za kuwanyang'anya walinzi wake silaha, naye huzinywa kwa miaka mingi, pengine hadi mwisho wa uhai wake.

Kwa mgonjwa wa saratani ya ini, njia hiyo ina hatari yake. Ini lililooza hutolewa lote na kuwekwa jipya, lakini chembe chache za saratani zikiwa zimekwisha kutoroka na kujificha kwingineko mwilini, hukuta walinzi wamelala. Ndiyo sababu waganga huchagua wagonjwa kwa uangalifu. Kipimo kilichowekwa Milano, Italia, mwaka 1996, chataka uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi mitatu ambayo hakuna mmoja wao unaopita sentimita 3. Katika wagonjwa 48 wa uchunguzi ule, robo tatu walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka minne. Mwenye saratani iliyozidi hapo mara nyingi hukataliwa.

Kutokana na shida hiyo limezuka wazo la kupandikiza vitu viwili kwa pamoja: kiungo na uboho, vyote kutoka kwa mtoaji mmoja. Uboho wa mtoaji ukishika mizizi, huzaa walinzi wake, nao huishi pamoja na wale wa mwenyeji. Majeshi mawili hukaa kambi moja, na kiungo kipya hakihesabiwi tena kuwa adui. Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, huko Boston, jambo hili lilianza kujaribiwa mwaka 1998 kwa wagonjwa waliokuwa na saratani ya uboho iliyokwisha kuharibu figo zao. Mwaka 2008 waganga wa hapo walitangaza habari za wagonjwa watano wa figo, wasio na saratani, waliopewa figo na uboho wa jamaa zao wasiolingana nao kikamilifu. Wanne kati yao waliweza kuacha dawa za kutuliza kinga.

Kwa saratani ya ini, tumaini ni kubwa zaidi. Walinzi watokao kwa mtoaji hulijua ini jipya kuwa ni lao. Chembe za saratani zilizosalia ni za mwenyeji, nao wanaweza kuziona kuwa ngeni na kuziangamiza. Lakini jeshi geni laweza pia kumgeukia mwenyeji mwenyewe, likamshambulia ngozi na matumbo hata kumwua. Tena, kabla ya kupokea uboho mgonjwa hupewa dawa kali au mionzi, hali mwili wake umekwisha kudhoofika. Kwa hiyo shughuli hii ingali katika majaribio. Yeyote amwambiaye mgonjwa kwamba dawa ya hakika imepatikana, na kumtaka auze shamba lake asafiri, anamdanganya.

Hapa Uganda, figo ya kwanza ilipandikizwa Mulago Desemba 2023. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, jeshi lenye busara halingoji adui aingie ghalani ndipo liulize bei ya mizinga. Chanzo kikubwa cha saratani ya ini katika nchi zetu ni homa ya ini ya aina ya B, nayo ina chanjo. Kule Taiwan watoto wachanga walianza kuchanjwa mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Kwetu chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Afisa au konstebo aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni.

Homa hii huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana, na historia ya majeshi yaijua. Mwaka 1942 askari wa Marekani wapatao 50,000 waliugua baada ya kudungwa chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na majimaji ya damu yenye ugonjwa. Leo wembe mmoja ukizunguka bwenini, au jeraha likifungwa kwa mikono mitupu, hatari ni ile ile.

Basi kila kikosi na kila kituo cha polisi kipime watu wake. Asiye na ugonjwa achanjwe dozi zote tatu, asiache njiani. Atakayekutwa nao asidharauliwe wala kufichwa. Apelekwe kwa mganga, kwani zipo dawa za kuuzuia usilile ini. Njugu na mahindi yenye ukungu yatupwe, maana sumu yake nayo huzaa saratani. Wataalamu waendelee kutafuta amani kati ya majeshi mawili ndani ya mwili mmoja. Wajibu wetu ni kulinda lango.