UCHAMBUZI: Puto hufungua mshipa wa moyo, lakini huacha jeraha

MGONJWA wa moyo aliyepanuliwa mshipa kwa puto aghalabu hurejea nyumbani baada ya siku chache tu, maumivu ya kifua yakiwa yametoweka. Hana mshono wala kovu kubwa. Ni rahisi kwake na kwa jamaa zake kuamini kwamba ugonjwa umekwisha. Hapo ndipo hatari inapojificha.

Andreas Grüntzig alitumia mbinu hii kwa mara ya kwanza katika mshipa wa moyo mnamo Septemba 16, 1977, mjini Zurich, Uswisi. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye kinena au mkono hadi penye kizuizi, kisha puto dogo lililo nchani hujazwa kwa shinikizo kubwa.

Lisilosemwa sana ni kwamba puto haliondoi mafuta yaliyoganda. Huyapasua na kuunyoosha ukuta wa mshipa. Utando laini wa ndani hukwanguka, na mara nyingi tabaka la misuli lililo chini yake huchanika. Kwa maneno mengine, tiba yenyewe ni jeraha.

Mwili nao hulijibu jeraha hilo kama unavyokijibu kidonda cha mkononi, kwa uvimbe. Chembe za kugandisha damu hujibandika palipochubuka, na seli nyeupe hufuata zikitoa kemikali za kuamsha uponyaji. Kisha seli za misuli huongezeka na kuhamia upande wa ndani. Kovu hilo likizidi, njia ya damu hupungua tena. Isitoshe, ukuta ulionyooshwa hujikunyata.

Ndiyo sababu katika enzi ya puto pekee, takriban theluthi moja ya wagonjwa waliona mshipa ukizibana tena katika miezi sita ya kwanza. Stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kilichoanza kuwekwa katika mishipa ya moyo ya binadamu nchini Ufaransa na Uswisi mwaka 1986, ilizuia ukuta kujikunyata. Hata hivyo, chuma kinachobaki mwilini nacho huchochea uvimbe.

Mapema miaka ya 2000 zikaja stenti zilizopakwa dawa kama vile sirolimus, inayozuia seli kuongezeka. Kuziba tena kulipungua sana. Lakini dawa inayozuia kovu huchelewesha pia kurejea kwa utando wa ndani. Mwaka 2006 madaktari walishtushwa na taarifa za damu kuganda ghafla ndani ya stenti hizo muda mrefu baada ya kuwekwa. Stenti za kisasa zimepunguza hatari hiyo, ila hazijaifuta.

Juhudi za kuukabili uvimbe wenyewe zimeleta matokeo mchanganyiko. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kipimo kidogo cha kolchisini, dawa ya kale ya jongo, kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka uliofuata, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliotibiwa kwa puto baada ya mshtuko wa moyo haukuona faida ya dawa hiyo. Ni wazi kwamba uvimbe si adui wa kuangamizwa tu, kwani bila huo jeraha halifungi.

Kwa sasa, basi, silaha ya kutegemewa ni vidonge vya kuzuia damu kuganda. Kwa kawaida aspirini huandamana na dawa ya pili, kama klopidogreli, kwa takriban miezi sita, au mwaka mzima kwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Daktari ndiye anayeufupisha au kuurefusha muda huo. Anayeziacha mwenyewe, iwe kwa kujihisi amepona au kwa kukosa pesa, hujiweka katika hatari ya mshtuko mwingine.

Hili lina uzito hasa nchini Kenya, ambako upasuaji huo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi na familia nyingi hulazimika kufanya harambee. Hakuna busara kwa bima kulipia stenti kisha mgonjwa akaachwa ashindwe kununua vidonge. Hospitali nazo zinapaswa kumweleza mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba jeraha analoenda nalo nyumbani bado bichi.

Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mshipa umefunguka, lakini haujapona.