Deni Linalokula Usiku na Mchana

Wasomaji wapenzi, juma hili tuzungumze juu ya deni. Si habari ya kufurahisha, lakini afadhali kuisema kuliko kuificha. Wazee walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga," nao walisema kweli.

Siku hizi mtu hana haja ya kumbembeleza tajiri barazani kwake. Mkopo waingia katika simu. Mtoto amerudishwa kwa ajili ya karo, baba abonyeza simu, fedha zaja, mtoto arudi darasani. Hapo hakuna kosa. Taabu yaanza mwezi wa pili.

Haya, shikeni kalamu. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ada yake ilikuwa shilingi 7.50 katika kila 100, kwa mkopo wa siku 30. Tuseme umekopa 10,000 kwa ada kama hiyo. Mwezi ukiisha walipa 10,750. Nyumba imebaki mikono mitupu, basi siku ile ile wakopa tena 10,000. Ukifanya hivyo miezi 10, umetoa ada ya shilingi 7,500, na deni la 10,000 liko pale pale! Umelima shamba la mwenzio.

Je, hakuna njia? Iko. Deni laweza kuhamishwa, toka mahali pa riba kubwa hata mahali pa riba ndogo. Viko vyama vya akiba na mikopo vinavyotoza shilingi 1 katika kila 100 kwa mwezi, tena juu ya deni lililobaki tu. Kama u mwanachama, kopa huko 10,000, maliza deni la simu, kisha rudisha 1,000 kila mwezi pamoja na riba yake. Mwezi wa kwanza riba ni 100, wa pili 90, hata wa kumi ni 10. Jumla ni 550. Ongeza, tuseme, 200 za fomu: ni 750. Linganisha na zile 7,500, na safari hii deni limekwisha.

Huko Marekani na Uingereza wenye kadi za mkopo hufanya vivyo hivyo. Benki nyingine hupokea deni lao na kuwapa mwaka mmoja au zaidi pasipo riba. Lakini mara nyingi hukata ada siku ya kuhamisha, kama 3 hata 5 katika kila 100, na muda ukipita riba yaja kwa nguvu. Asiyemaliza kulipa mapema ajuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha, uliza maneno matatu. La kwanza: mpaka siku ya mwisho nitalipa jumla ngapi, pamoja na ada zote? La pili: riba yahesabiwa juu ya deni la mwanzo au lililobaki? Katika mfano wetu, ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo, riba si 550 bali 1,000. La tatu: kila mwezi nitatoa kiasi gani pasipo kuuza mahindi ya chakula? Usidanganywe na malipo madogo ya muda mrefu. Mara nyingi riba yake huwa kubwa zaidi.

Jambo moja limebaki, nalo ni kubwa. Ukiisha kuhamisha deni, usikope tena katika simu. Ukikopa, hukuhamisha deni, umezaa la pili. Kumbuka pia wadhamini wako: ukishindwa kulipa, jirani aliyekutilia sahihi ndiye atakayekatwa akiba yake.

Basi, baba, leo jioni keti na mama watoto, umwonyeshe deni lote, hata lile ulilolificha. Nawe mama, kama la kwako liko, lilete. Deni linalojulikana na wawili hulipika upesi.

Kwa herini hata juma lijalo.