Chakula cha mbwa Kikatiti: sufuria haina kosa, kosa ni ini bichi

Mjadala wa chakula cha asili cha mbwa umeingia Arusha kana kwamba ni jambo jipya, na hapo ndipo kichekesho kinapoanzia. Wenye mbwa wa kizungu kule Njiro na Usa River wanaulizana kama waachane na vyakula vikavu vya mifuko vya supamaketi, wawarudishe mbwa wao kwenye nyama, mifupa na mboga. Fuata barabara ya Moshi, pita Maji ya Chai, ufike Kikatiti, uone kama swali hilo lina mwulizaji. Mbwa wa huku hajawahi kuuonja huo mfuko. Anakula ugali uliolala, ukoko wa makande, mchuzi wa dagaa, ndizi zilizobaki chunguni, na siku ya bahati anapata utumbo wa buchani.

Swali lenye uzito kwa Kikatiti ni hili: hicho chakula cha nyumbani kimeiva? Msimamo wangu niuseme mapema. Chakula cha kupikwa nyumbani kinamtosha mbwa wa huku Meru, kwa masharti machache yasiyo ya gharama. Ini na mapafu mabichi asipewe kabisa, na kazi ya kuvizuia isiachiwe mwenye mbwa peke yake.

Tuanze na mfuko, maana ndio unaotutia unyonge. Chakula cha kiwandani hakina umri mkubwa. James Spratt, Mmarekani aliyekuwa akifanya biashara London, alianza kuuza biskuti za mbwa miaka ya 1860. Kabla ya hapo mbwa wa dunia nzima alikula kama anavyokula wa Kikatiti leo. Wala kiwanda si kinga. Mwaka 2007 Marekani Kaskazini ilikumbwa na kashfa ya vyakula vya mbwa na paka vilivyotiwa melamini, kemikali ya plastiki, kupitia malighafi kutoka China. Mwishoni mwa mwaka 2020 chakula kikavu kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu kiliua mbwa zaidi ya 110 nchini humohumo Marekani. Mfuko wenye picha ya mbwa anayemeremeta haukuwasaidia.

Sumukuvu, kwa bahati mbaya, tunaijua vizuri kuliko Wamarekani. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa isiyo mbali na sisi. Pamoja na hayo, bado kuna nyumba ambapo mahindi yakiota ukungu, mama hawapi watoto; anasema sagisha, pika, mpe mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa haraka na sumu hiyo. Inashambulia ini, na kuipika hakuiondoi. Gunzi lenye ukungu ni la kutupa.

Ugali wenyewe je? Wapenzi wa nyama mbichi husema mbwa ni mbwamwitu aliyefugwa, kwa hiyo wanga si chakula chake. Hoja hiyo imepitwa. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Maelfu ya miaka ya kukaa karibu na majungu yetu yamembadilisha tumbo. Ugali anaumeng'enya bila shida.

Shida ni ugali mtupu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, maskini waliokula mahindi karibu matupu waliugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, kuchanganyikiwa akili. Mbwa wao nao walipata ugonjwa ulioitwa ulimi mweusi. Daktari Joseph Goldberger aliwatumia mbwa hao kuchunguza pelagra, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akagundua kwamba asidi ya nikotiniki, moja ya vitamini B, inaponya ulimi mweusi. Mbwa aliyekula kama maskini ndiye aliyefungua njia ya kumponya maskini. Basi ukimwona mbwa wa jirani amekonda mbavu nje, manyoya yamenyong'onyea, mdomo unanuka na una vidonda, usikimbilie kusema karogwa au ana minyoo tu. Uliza anakula nini na ugali.

Wapo pia wanaomnyima kwa makusudi, wakiamini mbwa akishiba halindi. Mbwa mwenye njaa halindi nyumba. Anazurura sokoni kutafuta chakula na kurudi asubuhi. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlishe.

Mboga ya mbwa ipo palepale sokoni. Dagaa ndio jibu la kwanza, kwa sababu huliwa mzima, nyama na miba pamoja, na ile miba ndiyo chokaa ya mifupa. Mtoto wa mbwa anayekuzwa kwa ugali na nyama bila mifupa huota matege, maana nyama haina chokaa ya kutosha. Ukikosa dagaa, ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kutwangwa unga laini, linafaa. Ongeza maharage yaliyoiva sana, mchicha kidogo, na kipande cha ini lililochemshwa, mara moja moja, si kila siku. Mafuta kidogo hayadhuru. Makande ya binadamu yaliyokaangiwa vitunguu vingi yasiwe mlo wake wa kila siku, kwani kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vichongo na kutoboa utumbo.

Maji nayo, kwa ukanda wetu, yanataka neno. Meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto yanaeleza habari ya floraidi kuliko bango lolote, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua inazidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo huku hata mfupa una mshindani wake. Mpikie mbwa kwa maji unayokunywa mwenyewe.

Nisije nikaonekana nasema kila sufuria ni bora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani na mwaka 2013 wakaeleza kwamba 95 kwa 100 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja. Baadhi yalitoka kwenye vitabu, na mengi yaliandikwa na madaktari wa mifugo. Mbwa wa Kikatiti anaokolewa kwa sehemu na uzururaji wake: leo dagaa, kesho utumbo, keshokutwa yai alilochokora bandani. Mbwa anayefungiwa bandani kutwa hana nafasi hiyo, na huyo ndiye wa kupangiwa mlo kwa makini.

Sasa kwenye nyama mbichi. Daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, aliipa nguvu mwaka 1993 kwa kitabu cha kuhimiza mifupa na nyama isiyopikwa, na tangu hapo imekuwa dini ya watu fulani. Anayeifuata Ulaya ananunua nyama iliyokaguliwa na kugandishwa kwa baridi kali siku kadhaa. Akija kuihubiri Arusha bila hayo mawili, anahubiri hatari.

Hatari yenyewe inaonekana kwa macho. Mwulize mkaguzi wa nyama akuonyeshe ini lililokataliwa: katikati ya wekundu kuna kifuko cheupe, kigumu kidogo, kikubwa kama yai, na kisu kikikigusa maji masafi yanaruka. Ndani ya maji hayo mna vichwa vya tegu visivyohesabika. Mbwa akila kifuko hicho kibichi, vichwa vinashika utumbo wake na kukua kuwa minyoo midogo ya milimita chache, na baada ya wiki sita hivi mayai yanaanza kutoka na kinyesi. Mbwa haonyeshi ugonjwa wowote, na ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Mayai yanabaki kwenye majani, kwenye mchicha wa bustanini, kwenye manyoya ya mbwa anayekumbatiwa na mtoto. Mtu akiyameza, kifuko kinaota ndani yake, ini mara nyingi, pafu mara nyingine, kikikua kimyakimya kwa miaka hadi kihitaji upasuaji.

Haya si mambo ya mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Hezron Nonga na Esron Karimuribo, walipitia kumbukumbu za machinjio ya Arusha za mwaka 2005 hadi 2007 na kukuta vifuko hivyo kwa ng'ombe wapatao wanne katika kila 100, na mbuzi na kondoo sita katika kila 100. Huko Turkana, Kenya, ambako mbwa huishi ndani ya boma na watoto, miaka ya 1980 ilikadiriwa wagonjwa hadi 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Na ndugu zetu Wamaasai wa Longido na Ngorongoro wanaijua ormilo, kizunguzungu cha mbuzi na kondoo kinacholetwa na tegu mwingine wa mbwa: mbwa akitupiwa kichwa cha kondoo mgonjwa ale ubongo, anarudisha ugonjwa malishoni. Mfugaji anapoteza kondoo kwa sababu ya chakula alichompa mbwa bure.

Mtu atasema kuni ni ghali na mkaa ni ghali zaidi. Ni kweli. Ila ini na mapafu vikikatwa vipande vidogo na kuchemka nusu saa, vifuko vinakufa, na nusu saa hiyo inapatikana kwenye moto uleule unaopika maharage. Mwingine atasema mbwa wake anapewa dawa ya minyoo. Vizuri, ila dawa haimkingi asile ini jingine bichi kesho.

Iceland ilikuwa na ugonjwa huu wa vifuko kwa wingi katika karne ya 19. Miaka ya 1860 Mdenmaki Harald Krabbe aliandika kijitabu kilichogawiwa nyumba kwa nyumba, kikisisitiza kwamba mbwa asipewe vifuko. Baadaye sheria ikafuata, na ugonjwa ukaisha. Walifanya hivyo kabla praziquantel, dawa ya tegu, haijagunduliwa. Kinachofaa kuigwa ni kwamba hawakumwachia mzigo mwenye mbwa pekee.

Huku kwetu ini lililokataliwa halina pa kwenda. Mkaguzi akishaondoka, mchinjaji anaona hasara, mbwa wapo, basi linaliwa. Na wanyama wanaochinjwa nyumbani wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi, harusi na misiba hawaonwi na mkaguzi yeyote. Halmashauri ya Wilaya ya Meru ichimbe shimo lenye mfuniko na kufuli kila mahali panapochinjwa, Kikatiti ikiwemo, ijenge uzio wa kuwazuia mbwa, na ofisa mifugo wa kata apewe dawa ya minyoo ya mbwa aigawe siku ileile ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nawe unayesoma haya, ukichinja nyumbani sikukuu ijayo, pasua ini na mapafu uangalie. Ukikuta kifuko cheupe, chimba shimo refu ufukie, au choma moto, na mbwa awe amefungwa hadi umalize.