Kabla ya kumtukana beki, muulize alilala wapi

SAA nane usiku, uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa. Beki wa kati mrefu kama nguzo ya umeme anahangaika kulala juu ya viti vitatu vyenye vyuma vya kuegemeza mikono. Anashindwa. Anatandika shuka la Kimasai sakafuni, begi la viatu linakuwa mto, anavuta kofia ya jaketi mpaka puani. Addis ipo juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake si ya kitoto, na vijana wametoka kwenye joto la Dar.

Nilikuwa kwenye msafara huo. Timu siitaji. Tulikuwa tunakwenda Abidjan kwa mechi ya CAF na aliyekata tiketi alitafuta bei ya chini kuliko zote. Akaipata. Ilikuja na saa saba za kusubiri ndege nyingine, bila chumba wala kitanda.

Siku mbili baadaye, dakika ya 70, winga akampita beki yule kama hayupo. Huku nyumbani mkamtafuna kama karanga. Mzee huyo, kauza mechi, arudi kwao. Nilisoma nikabaki natikisa kichwa.

Tupige hesabu. Dar hadi Addis ni karibu saa tatu. Addis hadi Abidjan ni kama saa sita hivi. Weka zile saba za sakafuni, weka foleni za uhamiaji na basi la hotelini. Karibu siku nzima mtu amekunja magoti yaleyale anayotakiwa kukimbilia. Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wengi hatulifikirii kabisa. Abidjan wapo nyuma yetu kwa saa tatu. Mechi ikianza saa 2:00 usiku kule, mwili wa mchezaji wetu unajua ni saa 5:00 usiku. Dakika ya 70 kwake imeshapita saa sita usiku. Wewe muda huo unaangalia TV huku unasinzia, yeye anatakiwa amkimbize winga aliyelala kwao.

Najua mtasema mbona na wao wakija huku wanasafiri. Ni kweli, na ndiyo maana wengine wakifika Kwa Mkapa wanapumulia mdomo. Ila vigogo wa Kaskazini mara nyingi wanakodi ndege yao.

Oktoba 2024 Nigeria walikwenda Libya, ndege yao ikapelekwa Al Abraq badala ya Benghazi, wakakaa uwanjani pale usiku kucha. Nahodha William Troost-Ekong na wenzake wakagoma kucheza, wakarudi zao. CAF ikawapa ushindi wa mabao 3-0 na Libya wakapigwa faini ya dola 50,000. Sawa, wale walifanyiwa na mwenyeji. Sisi tunajifanyia wenyewe na risiti tunayo. Utamkatia nani rufaa?

Mwaka 2023 Yanga walipewa ndege na Serikali kwenda Algiers kurudiana fainali na USM Alger. Wakashinda 1-0 ugenini, wakakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini baada ya kufungwa 2-1 Dar. Sisemi ndege ndiyo iliyopiga ile penalti ya Djuma Shabani. Nasema walifika wakiwa na miguu.

Si kila klabu itapewa ndege, hilo naelewa. Lakini tiketi isikatwe kabla kocha wa viungo hajaiona ratiba ya safari. Na klabu inayoahidi mamilioni kwa kila bao haiwezi kukosa pesa ya vyumba 13, wachezaji wakalala wawili wawili kwa saa tano tu.

Beki yule bado anacheza. Safari iliyofuata nilimkuta Dar, kwenye foleni ya mizigo, amekumbatia mto wake kutoka nyumbani.