Mzee Majuto alituchekesha sote. Mikataba yake inatufundisha nini?

Kwa mkulima wa Same, tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Kwa wapenzi wa vichekesho siku hiyo ina kumbukumbu nyingine. Jumatano ya tarehe 8 Agosti 2018, Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto, alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Alizikwa kwao Tanga.

Tunamrudia mzee huyu leo kwa sababu kazi yake imeshuka hadi mikononi mwetu. Kijana wa Hedaru, Kihurio au Vudee mwenye simu ya kugusa anaweza kurekodi kichekesho asubuhi, na jioni kikawa kimetazamwa Mwanza. Akipendwa, siku moja atapigiwa simu na mtu anayetaka sura yake au sauti yake kwa ajili ya tangazo au filamu. Ataletewa karatasi asaini. Mzee Majuto aliletewa karatasi nyingi za namna hiyo, na yaliyompata katika mwaka wake wa mwisho yanafaa kujulikana kabla kalamu haijashikwa.

Kutoka jukwaani Tanga hadi ndani ya basi

Mzee Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo kuigiza kulikuwa kazi ya ana kwa ana. Watu wanaingia ukumbini, wanalipa mlangoni, wanacheka, na msanii anapata chochote usiku huohuo. Kesho yake, kama hakupanda jukwaani, hakuna kipato.

Redio ilikuwapo, na waigizaji wa sauti walikuwa na heshima yao. Wazee wetu wanakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania, watu waliojulikana nchi nzima na wasikilizaji ambao hawakuwahi kuziona sura zao. Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliipata mwaka 1994. Mzee Majuto alikuwa ameshapita miaka 40. Sehemu kubwa ya ufundi wake aliijenga kabla ya kamera kumfikia.

Kamera ilipofika, aliichangamkia mapema. Alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza kurekodi vichekesho kwenye kanda za video na kuziuza. Baada ya kanda zikaja CD, filamu za Bongo, vipindi vya televisheni na matangazo ya biashara. Alicheza na wakongwe wenzake, na pia na vijana ambao angeweza kuwa babu yao. Mmoja wao ni Hussein Mkiety, maarufu kama Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Muheza mwezi Novemba 2012.

Huku kwetu, Mzee Majuto alifika kwa basi. Gari la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha hupita Korogwe, Mombo, Hedaru na Makanya kabla ya kuingia Same, na juu ya kichwa cha dereva kuna runinga. Aliyepanda Mombo akashuka Hedaru aliona nusu ya filamu, na nusu nyingine akasimuliwa na aliyefika mwisho wa safari. Kutoka barabarani Majuto akapanda milimani. Akaonyeshwa kwenye vibanda umiza vilivyoendeshwa kwa jenereta, kisha kwenye memori kadi, na sasa sura yake inatumwa WhatsApp kama stika na watu ambao walikuwa wadogo sana alipofariki.

Uhodari wake ulikuwa katika kumwigiza mzee tunayemjua sote: mwenye tamaa kidogo, mwepesi wa hasira, anayejifanya anajua kila kitu na mwisho anaumbuka. Hakuhitaji vazi la ajabu. Kiswahili chake cha Tanga na namna alivyolivuta neno vilitosha. Ukiisikia sauti yake ukiwa jikoni, bila kuona picha, ulishajua ni nani. Sauti ya namna hiyo ni mali. Ndiyo maana kampuni mbalimbali zilimtumia katika matangazo yao.

Mwaka wa mwisho

Mwaka 2018 Mzee Majuto aliugua sana. Alilazwa Muhimbili, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi nyumbani. Wasanii wenzake na wananchi wa kawaida walihamasishana kumchangia. Kuchangiana kwenye ugonjwa ni utu, na huku kwetu hakuna anayekushangaa. Kilichowashangaza wengi ni kitu kingine. Sura ya mzee huyu ilikuwa bado inauza bidhaa, na filamu zake zilikuwa bado zinaonyeshwa na kunakiliwa. Ilikuwaje basi mwenye sura hiyo ahitaji mchango ili atibiwe?

Swali hilo lilifika serikalini. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Mzee Majuto ikiwamo. Mjadala ukahama kutoka kwenye ugonjwa kwenda kwenye maandishi: mzee alilipwa kiasi gani, kwa muda gani, na tangazo lilitakiwa kukoma lini? Miezi michache baadaye mwenyewe akafariki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika kazi za sanaa, mjukuu huyo mara nyingi huzaliwa siku ya kusaini mkataba, na huja kuonekana mwenye mkataba akiwa kitandani.

Kuuza mavuno au kuuza shamba

Ili tuelewe tatizo, twende Mamba Miamba. Mkulima wa tangawizi anapouza gunia, anauza mavuno ya msimu huo. Bei inaweza kumuumiza, na mnunuzi anaweza kumlazimisha ajaze lumbesa, lakini shamba linabaki lake. Msimu ujao atavuna tena.

Mwigizaji ana njia mbili kama hizo. Ya kwanza ni kuruhusu kazi yake itumike kwa muda maalumu na mahali maalumu, na ikiendelea kutumika alipwe tena. Malipo ya namna hiyo yanaitwa mirabaha. Ya pili ni malipo ya mkupuo: analipwa mara moja na haki zote zinahamia kwa mnunuzi, bila mwisho. Hapo ameuza shamba pamoja na mavuno ambayo hajayaona.

Filamu nyingi za Bongo ziliuzwa kwa njia ya pili. Mtayarishaji alipeleka kazi kwa msambazaji Kariakoo, akalipwa, akaondoka. Mwigizaji alikuwa ameshalipwa kabla ya hapo, tena kidogo zaidi. Tuwe wakweli: haikuwa hila ya mnunuzi peke yake. Msanii alijua kwamba nakala za wizi zingetoka ndani ya siku chache, na kwamba hakuna ambaye angemhesabia nakala halali zilizouzwa. Fedha ya leo mkononi ilikuwa na maana kuliko ahadi ya mirabaha. Naye msambazaji alikuwa anabeba hasara ya wizi huohuo. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, na moja ya faida zake ilikuwa kuwezesha nakala halali kuhesabika. Muda si mrefu watu wakahama kutoka kwenye CD kwenda kwenye flashi na simu, ambako stempu haibandikwi.

Hapa na sisi tumo. Kila tulipompa kijana wa duka la simu shilingi mia chache aturushie filamu kumi kwenye memori kadi, tulicheka na Mzee Majuto bila hata shilingi moja kumfikia.

Sheria inasema nini

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni haki ya aliyetunga kazi, kwa mfano mwandishi wa mchezo. Hakishiriki ni haki ya wanaoifikisha kazi hiyo kwa watu, wakiwamo waigizaji. Kwa lugha nyepesi, sheria inasema uigizaji wako usirekodiwe, usirushwe hewani wala usinakiliwe bila idhini yako. Ofisi inayosimamia mambo haya ni COSOTA, na filamu ziko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania.

Sasa angalia neno idhini. Sheria inakulinda mpaka pale unapokubali. Ukishasaini kwamba umekubali kila kitu milele, umeifungua mwenyewe milango ambayo sheria ilikufungia.

Udhaifu huo haukuwa wa Tanzania pekee. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa mwaka 1961 ulimpa mwigizaji ulinzi, lakini akishakubali kuingizwa kwenye filamu, sehemu kubwa ya ulinzi huo iliishia hapo. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kurekebisha. Mkataba wa Beijing, unaowahusu waigizaji wa filamu na video, ulipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika mwaka 2020, na nchi hufungwa nao pale zinapojiunga.

Sauti yako bila sura yako

Kuna jambo jipya ambalo Mzee Majuto hakulikuta. Kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje sasa ni ajira. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu mke kijana na mama wakwe zake ilionyeshwa TBC ikiwa na sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti nchini, na washindi wakaenda China kufanya kazi hiyo. Tamthilia za Kituruki zinazoongea Kiswahili zimefuata. Kwa kijana wa milimani, hii ni nafasi ambayo haiulizi una sura gani wala unakaa mtaa gani. Inauliza kama unaongea vizuri na kama unaweza kulia, kucheka na kugomba kwa mdomo peke yake.

Lakini teknolojia hiyohiyo imefika mahali ambapo kompyuta, ikipewa rekodi za sauti yako, inaweza kutamka maneno ambayo hukuwahi kuyasema. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya hoja zao kubwa ilikuwa kwamba sura na sauti zao zisitengenezwe na kompyuta bila idhini na bila malipo. Wao wana chama chenye nguvu. Kijana wa Makanya anayerekodi tangazo kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro yuko peke yake na karatasi yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Ukiletewa mkataba, mkubwa au mdogo, usisaini palepale. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, kisha uliza haya:

Kazi hii itatumika kwa muda gani? Miezi 6 au mwaka 1 ni jibu. "Milele" nalo ni jibu, lakini bei yake haiwezi kuwa ileile.

Itatumika wapi? Redioni tu, au na televisheni, mabango na mitandao? Kila mahali ni matumizi mengine.

Muda ukiisha na bado inatumika, nalipwa nini?

Je, rekodi yangu inaweza kutumiwa kutengeneza sauti au sura ya kompyuta? Kama hukubali, iandikwe hivyo.

Nikiugua au nikifa, malipo yanayoendelea atapewa nani?

Ahadi ya mdomo ni ngumu kuidai, kwa hiyo kila mlichokubaliana kiandikwe, na ubaki na nakala yenye sahihi zote mbili. Kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza na hukielewi, una haki ya kutaka ufafanuliwe kwanza. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri au msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kumlipa wakili.

Wapo watakaokuambia kwamba ukiuliza sana utaonekana msumbufu na kazi itapewa mwingine. Inawezekana. Lakini hapa Same kuuliza hesabu si jambo geni. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi bomani Same kwa sababu ya kodi ya mbiru. Hawakuwa wanakataa kulipa kodi. Walitaka kujua kila mtu alikadiriwa vipi, na nani aliamua. Waliitwa wasumbufu. Baadaye kodi hiyo ikaondolewa.

Mzee Majuto alifanya kazi kwa karibu miaka 60, na bado anatuchekesha. Mjukuu wako akikuambia leo kwamba ameitwa mjini kurekodi tangazo, mpongeze. Kisha mwambie akuletee karatasi muisome wote wawili.