Ushirika wa chuo usiishie getini

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya zamu za usiku, lakini leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni siku nyingi, na naomba mnivumilie niliseme lote.

Watu wa nyumbani wakinipigia, swali la kwanza huwa ni mshahara. La pili ni hili: "Hivi huko Uarabuni mnaabudu wapi?" Jibu lake ni rahisi. Makanisa yapo, tena ya siku nyingi. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria pale Oud Metha lilifunguliwa mwaka 1967, kwenye ardhi iliyotolewa na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyekuwa mtawala wa Dubai. Jirani yake ipo Holy Trinity ya Waanglikana, na ndani ya uzio wake hukutana vikundi vya madhehebu mengi. Jebel Ali nako yapo. Na tangu Januari 2022, wikiendi ilipohamishiwa Jumamosi na Jumapili, Jumapili yetu imerudi kuwa Jumapili. Nilipofika mimi, siku ya ibada kubwa ilikuwa Ijumaa.

Kwa hiyo kanisa si tatizo. Tatizo ni nani atakayejua kwamba hukufika.

Kwa wasiopajua hapa ninapokaa: International City ni mji wa maghorofa mengi, umegawanywa kwa mitaa yenye majina ya nchi. Kuna England, France, Greece, Russia, China na kadhalika, na pembeni kuna soko la Dragon Mart lililofunguliwa mwaka 2004. Kodi yake ni nafuu ukilinganisha na sehemu nyingi za Dubai, ndiyo maana tumejazana huku manesi, madereva, walinzi na wauza maduka, wengi tukikodi kitanda tu ndani ya chumba cha watu kadhaa. Kwenda Oud Metha unapanda basi hadi kituo cha Centrepoint, unashika treni ya Red Line hadi Union, unabadilisha Green Line. Ukiwa umesimama wodini saa kumi na mbili, safari hiyo ni mlima. Unaikosa Jumapili ya kwanza, na kati ya maelfu ya waumini hakuna anayegundua. Ya pili vilevile. Ya tatu huumii tena.

Mimi nilisoma uuguzi Muhimbili, na pale nilikuwa mwana TAFES. Ni ushirika wa wanafunzi, ndugu na FOCUS ya Kenya na FOCUS ya Uganda katika familia ya IFES iliyoundwa mwaka 1947. Wenzetu walikuwa USCF, wengine CASFETA, Wakatoliki TMCS. Mtoto wa Kilutheri kutoka bara nilikaa benchi moja na Mmoraviani na Mpentekoste, na hakuna aliyeniuliza nilibatizwa kwa maji mengi au machache.

Ukiniuliza leo ni mahubiri gani nayakumbuka, sitakudanganya, mengi yamepotea. Ninachokumbuka ni kuulizwa. Kila mtu alikuwa kwenye kikundi kidogo cha watu saba au wanane, na kiongozi wa kikundi alikuwa na daftari la majina. Ukikosa mara mbili, mtu anagonga mlango wa chumba chako hosteli. Bumu likichelewa, walijua nani anashindia chai ya rangi. Ukipata sapu, kuna wa mwaka wa tatu anakaa na wewe mpaka mada ieleweke. Imani yangu ilikomaa pale, kwa sababu niliona watu wanafanya kile walichokuwa wanakiimba.

Sasa hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sisi manesi hatuondoki wodini kabla ya kukabidhiana zamu. Unapita kitanda kwa kitanda na anayekupokea: huyu jina lake ni fulani, ana hiki, amepewa dawa saa ngapi, mwangalie presha. Ukiondoka bila kukabidhi, hata kama ulihudumia vizuri usiku kucha, umemwacha mgonjwa hatarini. Shirika zetu za vyuoni zinahudumia vizuri usiku kucha, halafu zinaondoka bila kukabidhi. Mhitimu anafanyiwa ibada ya kuagwa, anawekewa mikono, anapigwa picha na joho. Akivuka geti, jina lake linafutwa kwenye daftari na haliandikwi kwingine.

Niwape mfano. Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha mvua kubwa kuliko zote tangu nchi hii ianze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. International City ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia. Maji yalijaa mitaani, magari yakazama, kwenye jengo letu umeme ukakatika. Sisi tuna kikundi chetu kidogo cha Wabongo, Wakenya na Waganda, watu kumi na wanne, chenye orodha kama ile ya chuoni. Kila mmoja alipiga simu kwa wawili. Kabla ya giza tulishajua kila mtu yuko wapi na ana nini cha kula. Na nisimsahau kaka mmoja wa Kipemba, jirani yetu, Muislamu safi, aliyevuka maji hadi mapajani kutuletea mikate. Mungu amlipe.

Siku mbili baadaye tukasikia kuna binti wa Kitanzania Greece Cluster, ghorofa ya chini, chumba kimeingia maji, anaishi kwa biskuti na simu imezima. Tulipomchukua tukamuuliza amekuja lini. Miezi mitano! Alikuwa katibu wa ushirika chuoni kwake. Waliimba, wakalia, wakamwaga kwa maombi. Hakuna hata mmoja aliyempa namba ya mtu wa kumpokea, na sisi tulikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Najua wapo watakaosema, "Dada, nimekuja kutafuta maisha, Waswahili ni umbea na michango tu." Siwakatalii, umbea upo. Lakini mtu asiyejulikana na yeyote hajaukwepa umbea tu, amekwepa na msaada. Wengine wataniuliza kuhusu sheria. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2023 inayotaka nyumba za ibada za wasio Waislamu zisajiliwe, nasi tunaiheshimu: ibada tunafanya kanisani. Kumpigia mwenzako simu na kumpelekea ugali hakuhitaji usajili.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa vyuoni. FOCUS ya Kenya wana mafunzo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho yanayoitwa Vuka FiT, ya kuwaandaa kwa maisha baada ya chuo. Tuige, tena tuongeze kitu kimoja: kila anayeondoka nchini apewe jina na namba ya mtu aliyeko kule, na huyo wa kule apewe jina la anayekuja kabla ndege haijaruka. Nasi tulioko nje tupange vikundi kwa zamu, si kwa Jumapili. Chetu hukutana Jumanne jioni kwa sababu ndiyo siku wengi tunapumzika.

Mchungaji unaweza kumsikiliza kwenye simu ukiwa kitandani. Simu haiwezi kugonga mlango wako ikikukosa.

Kama una mdogo wako anakuja huku, usiishie kumwombea safari. Mtafutie mtu wa kumpokea. Naomba kuwasilisha.